Baba na Watoto Watatu Safarini

Wahenga walisema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Baba atokaye na watoto watatu bila mama yao ana mikono miwili tu, na hapo ndipo taabu yake inapoanza. Wako wanaume wanaoikataa safari ya namna hiyo wakisema kuwa kuchunga watoto ni kazi ya wanawake. Lakini mama naye ana mikono miwili vilevile, na huifanya kazi hiyo kila siku. Kinachomfaa ni mpango aliouweka kabla ya kutoka.

Tuseme baba akaaye Likoni ataka kuwaonyesha wanawe Ngome ya Yesu iliyo katika kisiwa cha Mombasa, na watoto hao ni wa miaka tisa, sita na mitatu. Kwanza wale washibe nyumbani. Maji, chakula kidogo na nguo moja ya kubadilisha ya yule mdogo viwekwe katika mfuko wa kubeba mgongoni, ili mikono ibaki mitupu. Wakubwa wafundishwe kutaja jina la baba na nambari ya simu yake. Mdogo atiwe karatasi yenye maneno hayo ndani ya mfuko wa nguo, mahali ambapo mpita njia hawezi kuisoma.

Njiani, baba amshike mdogo kwa mkono mmoja na wa pili kwa mkono mwingine. Mkubwa atembee mbele, aonekane daima. Yeye ni msaidizi, wala si mlezi. Haifai kumwachia wadogo zake hata kwa dakika moja.

Feri ndiyo yenye kutaka uangalifu mkubwa zaidi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, iliyokuwa imejaza watu kupita kiasi, ilizama na watu zaidi ya 270 wakafa. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka katika feri ya Likoni, na mama na binti yake mdogo wakafa maji. Kwa hiyo mwenye watoto asione haya kuiacha feri iliyojaa na kungoja nyingine. Akiisha kupanda, ambebe mdogo, asimame mbali na ukingo na mbali na mlango wa magari, wala asikimbilie kushuka. Asubuhi na jioni wafanyakazi husongamana. Yafaa kuvuka baada ya msongamano wa asubuhi na kurudi kabla ya ule wa jioni.

Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Ilikuwa gereza tangu 1895 hata 1958, kisha ikafanywa jumba la makumbusho, na mwaka 2011 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mtoto hawezi kuyashika yote hayo kwa siku moja. Yatosha aione mizinga, ajue kwamba watu walifungwa humo, na aitazame bahari. Asiachwe kupanda juu ya kuta. Mara waingiapo, wote waonyeshwe lango, kisha waambiwe kuwa atakayepotea amwendee mlinzi aliye hapo.

Jambo moja huwatatiza akina baba wengi, nalo ni kumpeleka binti chooni. Asitumwe peke yake. Wote waende pamoja hata mlangoni, na baba amwombe kwa adabu mama mtumishi wa mahali hapo amsaidie.

Mdogo akianza kulialia bila sababu, hiyo ndiyo saa ya kurudi, hata kama kuna mengi yaliyobaki. Ngome imesimama zaidi ya miaka 400, nayo itawangoja. Baba awarudishaye wote watatu salama, wakiwa na hadithi ya kumsimulia mama yao aliyepata kupumzika, ameifanya kazi yake vyema.