Mnada wa mtandaoni: mambo ambayo kijana wa Goma ayajue kabla ya kutoa bei

Mwezi wa Juni 2025, katika nyumba ya mnada ya Yongle huko Beijing, China, mwanasesere mmoja wa Labubu mwenye urefu wa karibu mtu mfupi aliuzwa kwa yuani milioni 1.08, sawa na dola 150,000 hivi. Kichezeo hicho kilichorwa na msanii Kasing Lung, aliyezaliwa Hong Kong na kukulia Uholanzi. Kampuni ya Pop Mart ndiyo inayokiuza duniani kote, mara nyingi katika kasha lililofungwa ambalo mnunuzi hajui ndani yake kuna rangi gani. Habari ya mnada huo ilizunguka dunia kwa siku moja tu.

Habari kama hiyo ikiingia katika simu ya kijana wa Birere au wa Himbi, swali moja linafuata: kwa nini mtu wa Goma naye asinunue kichezeo kimoja kwa bei ndogo mtandaoni, akiweke, kisha akiuze kwa bei kubwa? Swali hilo si la upuuzi. Biashara ya vichezeo vya kukusanya ni ya kweli, na minada ya mtandaoni iko wazi kwa yeyote mwenye simu na njia ya kulipa. Lakini jibu lenye faida kwa wakaaji wa Goma ni hili: anayeanza anunue kwa sababu anakipenda kitu, kwa pesa ambayo ikipotea nyumba haitalala njaa. Anayeingia mnadani kutafuta utajiri wa haraka ataacha huko pesa ya karo.

Jambo hili lina uzito wa pekee mjini Goma kwa sasa. Tangu M23 walipoingia mjini mwisho wa Januari 2025, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na noti zikawa adimu. Wengi walilazimika kuvuka hadi Gisenyi kutafuta huduma ya benki, au kutegemea pesa ya simu na kukatwa kiasi kila wanapoitoa. Katika mji wa namna hiyo dola ishirini ni pesa ya kuheshimiwa. Kuitupa mnadani bila kujua kanuni ni kosa ambalo linaweza kuepukwa.

Kanuni ya kwanza inahusu mnada wenyewe unavyofanya kazi. Mtandao wa eBay, ulioanzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995 kule California, ndio uliozoesha dunia mnada wa aina hii. Mnunuzi anaandika bei ya juu kabisa ambayo yuko tayari kulipa, na wengine hawaioni. Mashine inapandisha dau lake kidogo kidogo, kwa kiasi tu cha kuwapita wenzake. Mtu akiandika dola 50, na mwenzake wa karibu aliandika 30, mshindi analipa dola 30 na kitu kidogo juu yake, si 50. Kwa hiyo hakuna haja ya kukaa macho usiku kucha akipandisha dola moja moja. Aamue mapema kiasi chake, akiandike mara moja, kisha aende kulala. Akishindwa, ameshindwa, kitu kingine cha aina hiyo kitarudi sokoni.

Hasara nyingi za wanaoanza zinazaliwa katika dakika za mwisho. Saa inakaribia kuisha, mtu asiyejulikana anapandisha bei, na damu inachemka. Aliyesema hatapita dola 40 anajikuta kwenye 75. Pengine huyo mshindani ni rafiki wa muuzaji aliyewekwa hapo kupandisha bei, mchezo ambao mitandao mikubwa inaukataza lakini haujawahi kuisha. Tena, kutoa dau ni ahadi ya kununua. Anayeshinda kisha akakataa kulipa anaweza kufungiwa akaunti.

Kanuni ya pili ni kujua bei ya kweli. Bei ambayo muuzaji anaomba haimwambii mnunuzi chochote. Mtu anaweza kuomba dola 5,000 kwa gari dogo la bati na asipate hata mteja mmoja. Bei ya kutazama ni ile iliyolipwa. Mitandao kama eBay inaruhusu kuchuja orodha ili vionekane tu vitu ambavyo tayari vimeuzwa. Anayeanza atumie wiki kadhaa akitazama orodha hiyo bila kununua kitu. Ataona kwamba gari moja la Dinky Toys, chapa ya Kiingereza ya magari madogo iliyoanza miaka ya 1930, linaweza kuuzwa kwa bei mbili zilizo mbali kabisa. Lenye rangi yake ya asili na kasha lake la zamani linapanda. Lililopakwa rangi upya na kukosa gurudumu linashuka. Mara nyingine kasha la karatasi ngumu peke yake lina thamani karibu sawa na gari lenyewe.

Kanuni ya tatu ni kusoma tangazo neno kwa neno na kudai picha. Picha ziwe za kitu chenyewe, upande wa juu, wa chini, na mahali penye alama ya kiwanda. Muuzaji anayetumia picha iliyochukuliwa kwingine, au anayeandika tu kwamba kitu ni cha zamani na ni adimu, anauza mbuzi kwenye gunia. Kwa Labubu hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa nakala bandia zimejaa duniani. Mwezi wa Agosti 2025, wakuu wa usalama wa bidhaa wa Marekani walionya kwamba nakala hizo zinaweza kuvunjika vipande vinavyomkaba mtoto koo, na Uingereza nako onyo la namna hiyo lilitolewa. Alama moja inayojulikana: Labubu halisi ana meno tisa. Hata hivyo wanaoiga nao wanajua kuhesabu, kwa hiyo meno peke yake hayatoshi.

Hapa kuna neno kwa wazazi. Kichezeo cha kukusanya si lazima kiwe kichezeo cha mtoto. Magari na wanasesere wa zamani mara nyingi walipakwa rangi yenye risasi, yaani madini ya plumbi, ambayo ni sumu kwa mtoto anayeweka kila kitu mdomoni. Kitu cha namna hiyo kikae juu ya kabati.

Kanuni ya nne, ambayo ndiyo inawaumiza zaidi watu wa Goma, ni hesabu ya safari. Makampuni ya kusafirisha kwa ndege hayatazami kilo tu, yanatazama pia nafasi ambayo mzigo unachukua. Hesabu inayotumika sana ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 5,000. Kasha la sentimita 40 kwa 30 kwa 30 linahesabiwa kuwa kilo 7.2, hata kama ndani yake kuna mwanasesere wa nusu kilo. Mtu aliyeshangilia kupata kitu kwa dola 15 anaweza kushangaa kuona usafiri unazidi bei ya kitu mara kadhaa. Vichezeo vyenye betri za lithiamu navyo vina masharti yake katika ndege, na baadhi ya wasafirishaji wanavikataa.

Baada ya ndege kuna barabara. Uwanja wa Goma ulipofungwa, mizigo mingi midogo ya ng'ambo ilitegemea Kigali na mpaka wa Gisenyi. Kila forodha ina malipo yake, na wakala naye ana haki ya malipo yake. Mnunuzi aulize wakala bei yote kabla ya kutoa dau. Akiuliza baada ya kushinda, atalipa chochote atakachoambiwa.

Wakala ana upande mwingine ambao wachache wanaujua. eBay inaahidi kumrudishia mnunuzi pesa kama kitu hakikufika au hakifanani na tangazo. Lakini ulinzi huo haufuati mzigo uliofikishwa kwa anwani ya kwanza kisha ukatumwa tena kwingine. Maana yake, kijana wa Goma anayetumia anwani ya wakala wa Dubai, Brussels au Kigali anaweza kujikuta bila ulinzi kuanzia pale wakala anapopokea kasha. Dawa ni moja: wakala au ndugu aliye huko afungue kasha, apige picha na kulinganisha na tangazo kabla ya kulituma mbele. Asiyekuwa na mtu mwaminifu huko asinunue kitu cha bei kubwa.

Kanuni ya tano ni malipo. Muuzaji anayemwambia mnunuzi watoke kwenye mtandao wa mnada na wamalizane kwa WhatsApp, eti kwa bei nafuu, anamtoa nje ya ulinzi wote. Pesa ikishatumwa kwa simu au kwa njia ya kutuma fedha kwa mkono, kuirudisha ni vigumu mno. Jambo hili linahusu pia minada ya hapa kwetu katika makundi ya Facebook na WhatsApp. Huko hakuna mashine inayohesabu madau wala ofisi ya malalamiko, ni neno la mtu tu. Kwa muuzaji wa mjini humu, wakutane mahali penye watu, kitu kionekane na kishikwe, kisha pesa itumwe. Kongo ina sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, na inagusa biashara ya mtandaoni. Ni hatua nzuri, lakini mtu aliyedanganywa dola 60 na muuzaji wa Osaka hatapata msaada wa haraka kutoka kwayo. Tahadhari ya mnunuzi ndiyo polisi wake wa kwanza.

Wanaodhani kwamba bei ya vichezeo hupanda tu waangalie historia ya Beanie Babies. Ni wanyama wadogo wa kitambaa waliouzwa na kampuni ya Ty ya Marekani kuanzia miaka ya 1990. Kampuni ilikuwa ikiacha kutengeneza mnyama huyu au yule, na watu wakaamini kwamba kila anayeachwa atakuwa dhahabu. Wakati fulani wanyama hao walifika karibu sehemu moja kwa kumi ya mauzo yote ya eBay. Mwaka 1999 mume na mke waliotalikiana huko Las Vegas waliwagawana mmoja mmoja sakafuni mwa mahakama, mbele ya jaji. Muda mfupi baadaye bei zilianguka, na wengi wa wanyama hao leo hawafiki dola chache. Sababu ni rahisi: kila mtu alikuwa ameweka akiba kitu kilekile. Kitu kinachokusanywa na wote, kwa nia ya kukiuza, hakiwezi kuwa adimu.

Vijana wa Goma wanaovutiwa na biashara hii wana mlango mwingine ambao hauhitaji kutuma dola nje. Mji huu unatengeneza vitu ambavyo wageni wanavipenda. Chukudu, ambayo sanamu yake ya rangi ya dhahabu inasimama katikati ya mji, inachongwa pia kwa umbo dogo la kuweka mezani. Watoto wanatengeneza magari kwa waya na makopo. Wajane wa walinzi wa Mbuga ya Virunga wameshona ngagi wa kitambaa. Kinachokosekana si ufundi, ni kumbukumbu. Wakusanyaji wa dunia wanalipia kitu chenye jina la aliyekitengeneza, mahali, mwaka na idadi. Chukudu ndogo isiyo na alama ni ukumbusho wa safari. Yenye sahihi ya fundi, mwaka na namba yake kati ya hamsini inaanza kuwa kitu cha kukusanya. Mashirika ya vijana na mafundi wa mbao wanaweza kuanza kazi hiyo kwa daftari na kalamu. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa msemo huo ni kweli mara mbili.

Makampuni ya simu nayo yana deni kwa wateja wao. Yaweke makato ya kila malipo ya nje wazi kabla mtu hajabonyeza, na yawe na namba inayopokelewa pale mtu anaposema ameibiwa. Mawakala wa usafirishaji wabandike bei zao ukutani kwa lugha ambayo watu wanaisoma. Hayo hayangoji vita kuisha.

Kwa anayeanza leo, ushauri ni mfupi: achague aina moja tu ya kichezeo, aisome kwa mwezi mzima, ahesabu usafiri kabla ya dau, na anunue kitu kimoja kidogo ili aone njia yote kuanzia mnadani hadi mlangoni kwake. Kikifika salama, amejifunza. Kisipofika, amepoteza kiasi alichokubali kupoteza. Wala asikope pesa kwa ajili ya mwanasesere, hata kama Beijing walilipa dola 150,000.