Ahadi ya mtoto iandikwe

Tangu marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Ushahidi Tanzania, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kwanza aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Sentensi moja tu! Isipoonekana kwenye mwenendo wa kesi, ushahidi wake unaweza kutupwa kwenye rufaa, na kosa si lake. Niliwahi kumsindikiza binti wa jirani mahakamani. Kichwa kilichungulia tu kizimbani, mkononi kang'ang'ania upindo wa khanga ya mama yake, akanong'ona: "Naahidi kusema ukweli." Akaambiwa arudie, mara tatu. Waheshimiwa mahakimu, tafadhali iandikeni palepale, kwa maneno yake mwenyewe.