Sehemu ya 7: Soksi nene za shule, faida kwa nani?

Mama zangu wa Kibaha na Kisarawe, mnanunua soksi nene kwa sababu zinachelewa kutoboka. Ni kweli. Ila kwa joto letu la Pwani, soksi nene inashika jasho mpaka jioni, na fangasi wa vidoleni wanapenda unyevu. Tena kiatu kikibana, kinaisugua mpaka inaisha kisiginoni.

Mimi nasema hivi: bora pea mbili za pamba, nyepesi, zenye nailoni kidogo kisiginoni na vidoleni. Avae kwa zamu, ufue kila siku, uanike juani. Mkate kucha pia, maana kucha ndefu zinatoboa hata soksi nene.

Jamani, soksi ikitoboka utashona. Ngozi ikichanika katikati ya vidole, mtoto atasomaje huku anajikuna?