Kumfuga au Kumwasili?

Mpwa wangu aishiye Leeds, Uingereza, ameniuliza iwapo wamchukue greyhound, mbwa wa mashindano aliyestaafishwa. "Mjomba, watoto wanamtaka, lakini baba yao asema hatatulindia nyumba."

Baba yao hakukosea. Mbwa huyu hukaribia kasi ya kilomita 70 kwa saa uwanjani, lakini nyumbani aghalabu hushinda amelala, na kubweka kwake ni nadra. Kwetu mbwa hufugwa kwa ulinzi au uwindaji. Kuasili twamwekea mtoto wa binadamu. Waingereza, kwa upande wao, hutumia kitenzi kimoja kwa wote wawili, na kwa mbwa huyu nawaunga mkono. Alikimbia, wengine wakavuna fedha za kamari. Afikapo miaka 4 au 5 hana kazi wala kwao, ilhali aweza kuishi hata miaka 12.

Nimemshauri amchukue. Kizuizi ni paka wao, kwani mbwa aliyezoezwa kukimbiza sungura bandia huenda akamwona paka kuwa windo. Wanaomtunza sasa na wamjaribu kwanza mbele ya paka. Akimkodolea macho asibanduke, wamwache. Paka ndiye mwenyeji.