Kelele si Alama ya Maendeleo

Nyegezi ni lango la jiji la Mwanza kwa wasafiri watokao kusini. Mabasi ya Shinyanga, Dodoma na Dar es Salaam hukusanyika katika kituo chake kikuu. Magari yatokayo Geita na Sengerema, baada ya kuvuka Daraja la J. P. Magufuli lililofunguliwa mwaka 2025 kati ya Kigongo na Busisi, hupitia Usagara na kuingia mjini kwa barabara hiyo hiyo. Aidha, tangu Serikali iliporuhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku, mwaka 2023, shughuli za lango hilo hazingoji tena mapambazuko. Haya ni mafanikio ya Taifa, na hapana mwananchi mpenda maendeleo atakayeyabeza.

Lakini kando ya lango hilo wanaishi watu. Nyegezi na jirani yake Malimbe ni makazi ya watumishi, walimu, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino na wa chuo cha uvuvi. Mwalimu asahihishaye madaftari usiku, muuguzi atokaye zamu alfajiri akihitaji kulala mchana, na mtoto ajiandaaye kwa mtihani, wote hupokea kwa dirisha moja honi za mabasi, sauti za wapiga debe, ngurumo za pikipiki zilizotobolewa mabomba ya moshi, na muziki wa baa. Swali linalozuka hapa ni la haki: gharama ya utulivu abebe nani?

Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wastani wa kelele katika chumba cha kulala usiku usizidi desibeli 30, na darasani wakati wa masomo usizidi 35. Yafaa ikumbukwe kwamba desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Ongezeko la 10 husikika masikioni kana kwamba sauti imekuwa maradufu. Shirika hilo lilikadiria pia kwamba dirisha lililofunguliwa kiasi hupunguza desibeli 15 hivi tu. Maana yake ni kwamba alalaye na dirisha wazi, kama ilivyo kawaida katika nchi ya joto, atapata usingizi mwema iwapo nje hakuzidi 45. Kando ya barabara kuu hilo ni jambo adimu.

Hata hivyo mwananchi hana sababu ya kukaa mikono kifuani. Sauti husafiri kwa hewa, na popote hewa ipitapo, sauti hupita. Ukuta wa tofali uliopigwa lipu pande zote waweza kuzuia desibeli 40 na zaidi. Lakini asilimia 1 tu ya eneo lake ikiwa tundu wazi, ukuta huo hautazuia zaidi ya desibeli 20 hivi, hata uwe mnene kiasi gani. Ndiyo sababu dirisha la vipande vya vioo vinavyopandana, ambavyo havifungi sawasawa, ni dhaifu mno mbele ya kelele. Dirisha la aluminiamu la kusukuma nalo huvuja pale mipira yake ilipokwisha au fremu ilipoachana na ukuta. Wahenga walisema asiyeziba ufa atajenga ukuta; katika jambo hili hata aliyejenga ukuta itambidi azibe ufa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuziba nyufa kuzunguka fremu na kubadilisha mipira iliyochakaa, na gharama yake si kubwa. Hatua ya pili ni uzito: kioo kinene, au mlango wa dirisha wa mbao nzito unaofunga barabara, huzuia kuliko kioo chembamba. Ya tatu, kwa mwenye uwezo, ni dirisha la pili ndani ya lile la kwanza, likiachwa nafasi ya sentimeta 10 au zaidi kati yao. Pazia na trei za mayai, ambazo wengi huzitumainia, hupunguza mwangwi wa chumbani lakini hazina uzito wa kuzuia kelele za nje. Mstari mmoja wa miti hupendeza macho kuliko unavyosaidia masikio. Ukuta wa uani husaidia pale tu unapokinga chanzo cha kelele kisionekane. Nyumba iliyojengwa juu kwenye miamba ya Mwanza, ikiitazama barabara kwa chini, haitapata faida hiyo.

Dirisha likifungwa, joto huongezeka na hewa huchafuka. Jawabu limo katika ramani ya nyumba. Vyumba vya kulala na kusomea viwekwe upande ulio mbali na barabara, navyo vipate hewa kwa madirisha ya upande huo, yenye nyavu za kuzuia mbu. Jiko, ghala na bafu vielekee barabarani. Anayeishi katika nyumba iliyokwisha kujengwa aweza angalau kubadilishana vyumba, ili sebule ikae upande wa kelele na watoto walale upande wa utulivu.

Pamoja na hayo yote, dirisha lina kikomo. Sauti kali kama honi huzuilika kwa urahisi kiasi. Mvumo mzito wa spika za muziki hupenya kioo, bati na hata ukuta. Tena usiku, ardhi ipoapo kuliko hewa iliyo juu yake, sauti huinama kuelekea chini na kufika mbali kuliko mchana. Hapana fundi wa madirisha awezaye kumkinga mwalimu na spika za baa iliyo jirani. Kelele ya namna hiyo haina budi kukomeshwa inakotoka.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka msingi wa viwango vya kelele na mitetemo, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2015. Tangu mwaka 1982 sheria ya mamlaka za miji imezipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Linalotakiwa ni watendaji watoke maofisini wakati kelele zinapopigwa, yaani usiku, badala ya kungoja barua ya malalamiko asubuhi. Kibali cha baa kisitolewe kwa kutazama karatasi bila kutazama nyumba zilizo jirani. Wenye mabasi wawakataze madereva wao kupiga honi kwa kuita abiria. Wajumbe wa mashina nao wayazungumze mambo haya na majirani kabla hayajawa ugomvi.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusomea, ilionyesha kwamba mwananchi akipewa maarifa mepesi hubadili nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe. Wataalamu wa Serikali wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi wanaweza kufanya vivyo hivyo kuhusu kelele: watoe michoro rahisi ya nyumba za kando ya barabara, yenye bei ambazo mshahara wa mwalimu unazimudu.

Wapo wadhanio kwamba anayelalamikia kelele anapinga maendeleo. Dhana hiyo ni potofu. Basi lililojaa abiria halihitaji honi ya usiku wa manane ili liitwe maendeleo, na biashara halali haipungui kwa kupunguzwa sauti. Mwalimu asiyelala hawezi kufundisha vema, na mtumishi aliyechoka hatoi huduma ipasavyo kwa wananchi. Mwananchi na azibe ufa wa dirisha lake. Mpiga kelele apunguze sauti. Na mwenye mamlaka asimamie sheria. Aziba ufa akitimiza wajibu wake peke yake, gharama yote itakuwa imetupwa mlangoni kwa asiye na kosa.