Tumwombe Mwanamieleka kwa Lugha Anayojigambia

Kila mwaka wanafunzi wa kitivo chetu hutafuta wasemaji wa kurekodi, na kila mwaka tunawaendea walewale: mwalimu mstaafu, katekista, shangazi wa nyumbani. Mimi naona tuwaendee pia wanamieleka, wale wa kachi, wanaopanda ulingoni watu wakilipa kiingilio. Na tukikataliwa, tulichunguze kwanza ombi letu kabla ya kuwalaumu wao.

Kwa nini wao? Katika fasihi simulizi tunafundishwa majigambo kana kwamba ni mali ya mashujaa waliokufa. Mwanamieleka anayeshika maikrofoni kabla ya pambano anafanya kazi ileile: anajipa jina, anahesabu ushindi wake, anamdharau mpinzani, anauchochea umati. Anaanza kwa Kiswahili chetu cha mtaani, anachomeka Kilingala cha Kinshasa, kisha anamalizia kwa Kinande ili mama wa sokoni acheke. Toni za Kinande zimechambuliwa vizuri. Ngessimo Mutaka alizitolea kitabu kizima mwaka 1994. Lakini neno lililotamkwa taratibu mezani ni jambo moja, na neno linalopazwa juu ya kelele za ngoma ni jambo jingine.

Tazama majina tu. Nyota wa Kinshasa, Edingwe, anajulikana kama Moto na Ngenge. Msemaji wa Kiswahili akisikia «moto» anawaza jiko. Katika Kilingala, tahajia hiyo hiyo huweza kusomwa «mtu» au «moto», kutegemea toni na irabu. Kamusi peke yake haitakuambia mwenye jina alikusudia umati usikie nini. Lazima umuulize.

Sasa, tunamuulizaje? Barua yetu ya kawaida huandikwa kwa Kifaransa. Inaanza na vyeo, inafuata mada ya mistari mitatu, mwishoni muhuri. Anayeipokea huona muhuri kabla ya yote, na huku kwetu muhuri si kitu chepesi. Eneo la Beni limezika watu tangu mauaji ya Oktoba 2014, na tangu tarehe 6 Mei 2021 mkoa wetu umewekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mgeni mwenye karatasi na kinasa sauti anaweza kuwa yeyote. Mtu akikataa, ametumia akili.

Mimi huomba kwa mdomo kwanza, baada ya mazoezi, kupitia kocha au mtu anayenijua: «Yaya, mimi ni mwanafunzi wa lugha. Nilikuangalia Jumapili. Nataka unieleze jina lako la ulingoni na yale maneno uliyomwambia mpinzani. Ni nusu saa, mahali unapopenda wewe. Nitarekodi ukikubali, na nakala utaipata.» Hapo anajua mimi ni nani, nataka nini, kwa muda gani, na sauti yake itakwenda wapi. Barua ifuate baadaye, kwa lugha anayoisoma.

Maswali mawili hayafai kufungua mazungumzo: kama pambano limepangwa, na kama dawa za ulingoni ni za kweli. Barthes, katika insha inayofungua Mythologies ya 1957, alionyesha kwamba mieleka ni tamasha, na kwamba mtazamaji hajali kama imepangwa. Kumlazimisha mwanamieleka avunje siri ya kazi yake ni kumwomba avue kinyago ili sisi tuandike kuhusu uso. Tunachokihitaji kwa kazi yetu ni hicho kinyago, maana ndicho kinachosema.

Najua baadhi ya walimu wetu watasema kwamba malipo huharibu data. Kununua majibu, ndiyo, huharibu. Lakini nauli ya motari na soda kwa mtu aliyeacha kazi yake ili atufundishe ni adabu. Kiasi kisemwe mapema, kisitegemee jibu lolote.

Wengine watasema huu ni mchezo, si elimu. Wakumbuke Ebola ya 2018 hadi 2020: tulijifunza, kwa gharama kubwa, kwamba ujumbe wa Kifaransa na wa Kiswahili sanifu hauwafikii wote Beni na Butembo. Anayejua namna umati wetu unavyosikiliza ana jambo la kutufundisha.

Vijana wa huku wamezoea kuulizwa na watafiti kuhusu vita: nani alikufa, nani alikimbia. Mara chache huulizwa kuhusu kitu wanachokiweza. Naomba kitivo kikubali barua za utafiti kwa Kiswahili na Kinande, kiandae fomu fupi ya ridhaa inayoweza kusomwa kwa sauti, na kidai kila mwanafunzi arudishe nakala ya rekodi kwa mwenye sauti kabla ya kutetea kazi yake.