Kiti cha Askofu na Makochi ya Waheshimiwa

Katika parokia zetu za Bukoba na Muleba, siku ya upadrisho au jubilei, mara nyingi hupangwa makochi karibu kabisa na altare kwa ajili ya mgeni rasmi na wafadhili. Bibi aliyetoka kigangoni kwa miguu tangu alfajiri husimama nje. Tukiuliza, tunaambiwa: ndiyo heshima. Hiyo siyo heshima ya Kanisa.

Kanisa la mwanzo lilikuwa na viti mbele. Kiti cha askofu kiliwekwa katikati, nyuma ya altare, na mapadre wakaketi kulia na kushoto kwake. Kwa Kigiriki kiti hicho huitwa kathedra; ndiyo asili ya neno kathedrali. Kilikuwa kiti cha kufundishia. Bwana wetu alisoma sinagogini Nazareti akiwa amesimama, kisha akaketi, akafundisha (Lk 4:16-21). Agostino alihubiri ameketi, na watu wake wa Hippo wakamsikiliza wamesimama.

Lakini kiti hicho kilikuwa na masharti. Didaskalia ya Mitume, kitabu cha Syria cha karne ya 3, kinaagiza kwamba akiingia mtu wa cheo, askofu asikatize mahubiri ili kumtafutia nafasi. Akiingia maskini, hasa mzee, na nafasi hakuna, askofu ampatie mahali, hata ikibidi yeye mwenyewe aketi chini. Sisi tumegeuza agizo hilo juu chini.

Kagera tuna urithi wa kulinda. Laurean Rugambwa, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1952, alikuwa na kiti chake Rutabo, Muleba, kabla jimbo halijaitwa Bukoba mwaka 1960, mwaka uleule alipokuwa kardinali wa kwanza Mwafrika. Kiti cha namna hiyo ni cha mwalimu wa imani. Hakilingani na kochi la mgeni wa saa tatu.

Wapo watakaosema kwamba bila waheshimiwa harambee itakwama. Yakobo alikwisha kulijibu hilo (Yak 2:1-4): anayemketisha tajiri mahali pazuri na kumsimamisha maskini amekuwa hakimu mwenye mawazo maovu.

Basi halmashauri za walei ziamue. Altareni vibaki viti vya wanaohudumu. Mheshimiwa akaribishwe benchini pamoja na wabatizwa wenzake, na mabenchi ya mbele wapewe wazee na wagonjwa.